Usimuuzie Bi Saada Fimbo ya Waridi

Nimestaafu kuuza fimbo za kuvulia samaki. Mama alipolisikia neno hilo kwenye simu, kule Shinyanga, alicheka mpaka akamwita jirani aje asikie naye. "Umestaafu wewe Kulwa, na ndevu zenyewe bado zinatafuta njia?" Acha acheke. Mtu akiiacha kazi aliyoipenda, na hana nia ya kuirudia, huyo amestaafu, hata kama ana ndoto za kununua boti yake siku moja na kuipa jina la pacha wake Doto.

Nawaandikia ninyi mnaosimama nyuma ya kaunta za maduka ya huku Stockholm, hasa wadogo zangu mnaoongea Kiswahili wakati wa chakula na Kiswidi mbele ya mteja. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sikupata. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitasema niliyoyaona, na mtanisamehe nikipandisha sauti, maana lipo jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka chai inanishinda kumeza.

Duka lenyewe lilikuwa Sundbyberg, mwendo mfupi kutoka stesheni, chini ya ghorofa la watu. Siku ya kwanza sikujua kitu. Kidato cha nne nilitoka na matokeo ambayo mjomba wangu aliyakunja upesi akayatia mfukoni watu wasione. Kwetu samaki alifika sokoni akiwa amekauka tayari, hana habari na fimbo. Na fimbo niliyoijua mimi ilikuwa ya mwalimu.

Aliyenipokea alikuwa Bengt, mzee mrefu, mkimya, vidole vyake vimejaa makovu ya ndoano. Huku kila mtu huitwa kwa jina lake tupu, hata mkurugenzi, lakini mimi sikuweza kumwita mtu wa umri wa babu yangu "Bengt" kama namwita mbuzi. Nikawa namwita Mzee Bengt. Alizoea.

Ukutani kilining'inia chambo cha mpira chenye ukubwa wa kiatu changu. Kina macho, kina mapezi, kina mkia unaocheza ukikigusa. Nikadhani ni mdoli wa mtoto.

"Hiki anakula nani?" nikauliza.

"Gädda."

Akanionyesha picha. Samaki mrefu, mdomo kama wa bata, meno kama msumeno, macho ya mtu anayekudai. Akaniambia Marekani ana binamu yake aitwaye maski, mkubwa zaidi na mwenye maringo zaidi, na kwamba fimbo nyingi nzuri za vyambo vikubwa zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya huyo binamu.

"Sasa mbona chambo chenyewe ni kitoweo cha familia?"

"Samaki mkubwa haamki kwa ajili ya pipi, Kulwa."

Nikaipenda kazi palepale. Nilichokuja kujua baadaye, na kikanichefua, ni kwamba wengi wakishamvua humpiga picha, humuaga kwa upole, kisha humrudisha majini. Watu wazima! Lakini hilo si ugomvi wangu wa leo.

Somo la kwanza la Mzee Bengt halikuwa la samaki wala mshipi. Lilikuwa la koti. Mteja alikuja Julai, jasho linamtoka, anataka fimbo ya gädda wa vuli. Akachagua moja, akaipunga hewani, akatabasamu. Mzee Bengt akaenda nyuma akarudi na koti zito la baridi, kuukuu, linanuka boti. "Vaa." Mteja akacheka. Mzee hakucheka. Yule mtu alipolivaa na kushika tena fimbo ileile, mkia wa mpini ukanasa kwenye mikunjo ya kwapa, kiwiko kikakosa pa kwenda. Dukani kuna joto na kila mtu ana mikono mirefu. Majini, mwezi wa kumi, mtu ni godoro lenye kofia. Kwa hiyo mteja avae kwanza, ndipo achague. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo ubaki nalo.

Somo la pili lilikuwa la uzito. Kila fimbo imeandikwa gramu karibu na mpini. Wateja wengi hudhani ni uzito wa samaki ambaye fimbo inammudu, na nimewaona maprofesa na madereva wakidhani hivyohivyo, kwa hiyo msione haya. Ni uzito wa chambo ambacho fimbo inaweza kukirusha. Sasa sikilizeni uchawi ulipo. Chambo cha mpira kimeandikwa uzito wake kwenye paketi, lakini huo ni wa mpira mtupu. Bado hujatia ndoano, bado waya wa kuzuia meno, bado risasi ya kukizamisha, bado maji yanayogandama. Mzee Bengt alikuwa na mizani ya jikoni na ndoo. Alikivika chambo kila kitu, akakichovya, ndipo akakipima. Kilichoingia gramu tisini kilitoka zaidi ya mia na thelathini. Kisha akachagua fimbo ambayo hata huo uzito wa pili haukuifikisha kwenye mwisho wake. Ukirusha chambo kizito kwa fimbo dhaifu, mara ya kwanza itavumilia, mara ya kumi itavumilia, halafu siku moja inapasuka kama bunduki.

Na mwisho, majani. Nyuma ya duka palikuwa na ukanda wa majani, mali ya jengo, na majirani walituvumilia. Tulikuwa na vyambo tulivyovikata ndoano. Mteja alitoka na koti lake, akarusha mbele yetu, na sisi hatukutazama chambo kinaangukia wapi. Tulitazama mabega.

Basi miaka ikaenda hivyo, nami nikawa na furaha ya kijinga kabisa. Nilimkuta kijana aliyetaka fimbo fupi kama ya kwenye video yake, nikamwonyesha kwamba gädda mkubwa hufuata chambo hadi ubavuni mwa boti bila kuuma, na hapo inabidi uzamishe ncha ya fimbo na kuchora nane kubwa majini ili umtie hasira. Kwa fimbo fupi unachora nane ya mtoto wa chekechea. Akanunua ndefu. Alirudi baadaye akiwa na jino la gädda mfukoni, kanipa kama pete.

Kisha Mzee Bengt akaenda kupumzika nyumbani kwake Spånga, akaja meneja mpya.

Sitamtaja jina. Alikuwa kijana mwenzangu, mchangamfu, viatu vyeupe havijawahi kukanyaga tope. Wiki ya kwanza koti likatupwa kwa sababu linanuka. Ndoo ikaenda kwa wasafishaji. Mizani akasema inawachelewesha wateja. Badala yake akaleta vifurushi: fimbo, rili ya kukunjia mshipi, na chambo kikubwa kimoja, vyote kwenye boksi, chukua uende. Na mlangoni kabisa akaweka vifurushi vya wanawake.

Fimbo ya rangi ya waridi. Fupi. Laini. Mpini mwembamba kama wa mwiko. Uzito wake wa kurushia ulikuwa gramu themanini, na ndani ya boksi hilohilo, jamani, chambo cha gramu tisini, mpira mtupu!

Mwanzo nilidhani ni makosa ya kiwandani. Nikaviondoa mlangoni nikaviweka nyuma. Kesho yake vilikuwa vimerudi.

Siku zangu za mapumziko ndizo alizokuja Bi Saada.

Bi Saada tunamjua wote wa pande za Rissne. Ni mama wa Tanga, yupo Sweden tangu ujana wake, na amefanya kazi nyumba ya wazee muda wote huo, kuwageuza, kuwanyanyua, kuwaosha. Mwaka uliotangulia bega lake la kulia lilichanika, likashonwa hospitali. Mtaalamu wa viungo akamwambia wazi: likichanika tena hakuna kushona, mkono utabaki chini ya kifua maisha yake yote. Kazini wakamhamishia ghorofa ya chini, kukunja mashuka, peke yake na mashine. Wenzake aliokula nao na kucheka nao walibaki juu. Siku moja tu kwa mwaka walikuwa wote pamoja: boti ya vuli, wafanyakazi wa nyumba ile wanakodi boti wanakwenda kuvua gädda. Bi Saada hakuwahi kukosa, ila miaka yote alivua samaki wadogo kwa fimbo ya kuazima. Sasa wenzake wote walikuwa wamehamia vyambo vikubwa, naye alitaka fimbo yake mwenyewe.

Nilimkuta dukani niliporudi kazini. Amesimama kwenye kaunta, buibui juu, koti juu ya buibui, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto. Mbele yake fimbo ya waridi, vipande viwili ambavyo awali vilikuwa kimoja.

"Shikamoo Bi Saada."

"Marahaba mwanangu. Tazama walichoniuzia hawa."

"Umeumia?"

"Ilipasuka mkononi nikiwa najaribu pale ufukweni. Nilivutwa, bega likalia. Nimetoka kwa yule wa viungo sasa hivi. Ati halijachanika. Ati nimshukuru Mungu. Nimemshukuru. Sasa nimekuja kuwashukuru na hawa."

Meneja akatoka ofisini na tabasamu lake. Akashika vile vipande, akatazama, akasema lile neno lao, kwamba ni kosa la mtumiaji. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi: "Labda siku nyingine mume wako akusaidie kurusha."

Bi Saada anajua Kiswidi kuliko mimi na meneja tukiunganishwa. "Mume wangu yuko kaburini Tanga," akamwambia. "Nikamwamshe?"

Meneja akawa mwekundu. Bi Saada akageuka kwangu kwa Kiswahili, "Mwanangu, huyu ana mama?" akatoka, vipande akaviacha juu ya kaunta.

Nikamfuata meneja ofisini. Mimi si mtu wa ugomvi, machozi hunitangulia kila mara, na siku hiyo yalikuwa yameshafika. Nikamwambia fimbo ile haiwezi chambo kile. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa na hoja zote za gramu.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kulwa, wengi wao hawatairusha hata mara kumi. Ni nyepesi ukiishika dukani, na wanaipenda."

"Ukiishika dukani!"

"Hatuuzi zaidi ya hapo."

Hicho ndicho kinachonikaba. Angekuwa hajui, ningemfundisha, kama mimi nilivyofundishwa. Alijua. Alimpima mwanamke mzima, mikono iliyowanyanyua wazee wa nchi yake kitandani, akaona huyo atacheza mara kumi achoke. Na kulainisha fimbo si huruma, wadogo zangu, sikilizeni vizuri: fimbo laini chini ya chambo kizito haikupunguzii kazi, inakuongezea. Inalegea, haikisukumi chambo, basi unamalizia wewe kwa kifundo na bega. Fimbo ngumu kiasi na ndefu, yenye mpini mrefu wa mikono miwili, ndiyo inayofanya kazi badala yako. Mwenye bega bovu ndiye anayeihitaji kuliko wote. Walimpa kinyume, wakakipaka rangi.

Nikampigia Bi Saada. "Boti bado unakwenda?"

"Nakwenda. Hata kama ni kushika chupa ya chai nikiwatazama wanavua. Lakini sitaki kwenda kushika chupa ya chai, Kulwa. Mashuka nimekunja ya kutosha."

Jumamosi tukapanda treni, mimi na yeye, mpaka Spånga kwa Mzee Bengt. Alitupokea kwa kahawa na biskuti, akasikiliza yote, akatikisa kichwa. Nikajua ana hasira kama yangu. Kisha akasema: "Lakini bega lililoshonwa halirushi vyambo vikubwa. Avue sangara wa huku, wale wadogo. Ni samaki mzuri."

Sikuamini masikio yangu. Hata yeye!

Bi Saada akaweka kikombe chini. Akahamia Kiswahili. "Mwambie babu yako nimewageuza wanaume wazito kuliko yeye kabla hajaamka kunywa kahawa."

"Bi Saada, mwambie mwenyewe, Kiswidi unakijua."

"Nikimwambia mwenyewe nitamvunjia heshima nyumbani kwake."

Lakini hakungoja tafsiri. Akamwambia Mzee Bengt akae juu ya kreti pale gereji. "Kaa. Legea kama mgonjwa." Mzee, kwa adabu ya Kiswidi, akatii. Bi Saada akasimama mbele yake, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mikono akaiweka mgongoni mwa mzee kama anayemkumbatia ndugu uwanja wa ndege. Akamyumbisha kidogo mbele, kidogo nyuma, kisha akahamisha nyonga zake kurudi nyuma, na Mzee Bengt, mrefu vile, akajikuta amesimama. Uso wake ungeuona.

"Mkono wangu umefanya nini?" akamwuliza kwa Kiswidi.

"Hakuna."

"Umeshika tu. Nilipochanika bega sikuwa nimekosea mimi. Mzee aliteleza bafuni, nikamdaka kwa mkono mmoja, nisingemwachia. Siku nyingine zote ni nyonga."

 Mzee Bengt akapanda ngazi, akateremsha kutoka darini fimbo iliyofungwa kwenye shuka. Ya maski, ya Marekani, ndefu kunipita mimi na mkono wangu nikiunyoosha juu, mpini wake wa kukumbatia kwa mikono miwili. "Mimi hii ilinishinda," akasema. "Kila mara nairusha kwa mikono. Inanichosha."

Tukafanya kila kitu kwa utaratibu wake. Tukatoa ndoano, tukaweka risasi badala yake, uzito ukawa uleule wa chambo kilichovikwa chote. Ndoo, mizani. Fimbo ikabaki na nafasi ya kupumua juu ya uzito ule. Koti la Bi Saada likafungwa mpaka kidevuni. Mkia wa mpini ukapita chini ya kwapa bila kunasa.

Mara ya kwanza chambo kiliangukia nyuma yake, kwenye waridi za jirani. Waridi za kweli. Mara ya pili kikaenda juu kama anawinda kunguru. "Usiipige," Mzee Bengt akawa anasema, "iyumbishe." Na Bi Saada: "Basi nyamaza niiyumbishe." Mkono wa kushoto ukashika mkia wa mpini na kuuvuta tumboni, wa kulia ukabaki kama bawaba ya mlango. Mguu wa nyuma, mguu wa mbele, nyonga. Fimbo ikajikunja yote, kwa mara ya kwanza, ikanyooka taratibu, na chambo kikaondoka kama kimeitwa. Tulitazama bega. Lilikuwa limekaa kimya mahali pake.

Mzee Bengt akamwomba amwonyeshe tena miguu.

Jumamosi iliyofuata na nyingine alikwenda Spånga bila mimi. Yule wa viungo aliona video, akasema mwendo ule hauna ubaya, ila akichoka aache. Kuchora nane ubavuni mwa boti alijifunza kwa kukunja magoti, mikono ikiwa karibu na mwili. Nikamtania kwamba anapanga kuwa mwalimu wa ngoma.

Siku ya boti mimi nilikuwa kazini. Sikuuza kitu asubuhi ile, nilikuwa naitazama simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na mnajua mimi na matokeo ya mtihani. Ilipolia, meneja alikuwa karibu yangu akipanga maboksi mlangoni. Nikabonyeza spika.

"Kulwaaa!" Upepo, injini, watu wanapiga kelele kwa Kiswidi nyuma yake. "Amekuja mpaka ubavuni! Nikachora ile nane yenu, mara ya pili akafungua mdomo, wallahi ungeingiza kichwa cha mtoto!"

"Bega, Bi Saada! Bega!"

"Bega gani? Nimerusha tangu asubuhi, sasa nimepumzika kidogo nikupigie. Hebu sikiliza wanavyoniimbia wajinga hawa. Wananiambia Jumatatu nipande juu nikanywe nao kahawa, nisile chakula kule kwa mashine. Lakini wamenilazimisha nimrudishe majini, Kulwa! Samaki kama yule! Nazi nimeshaikuna!"

Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Mteja mmoja aliyekuwepo akapiga makofi bila kuelewa neno. Simu ilipokatika nikamgeukia meneja. Alikuwa amesimama na boksi la waridi mkononi, anatikisa kichwa, na nikaona wazi kwamba kimemgusa. Nikawa tayari kumsamehe. Kweli kabisa, nilishaanza.

"Ni yule mama wa juzi?" akauliza.

"Ndiye."

"Ametumia fimbo gani?"

Nikamweleza. Ya maski, ndefu, ngumu kiasi, mpini wa mikono miwili. Nikamweleza na miguu, na nyonga, na mizani. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa amewahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni hadithi nzuri sana," akasema. "Unadhani wanaweza kututengenezea ya waridi?"

Nikamwomba arudie, maana nilitaka niwe na hakika. Akarudia, polepole, akidhani Kiswidi ndicho kilichonipita.

Siku hiyo ndiyo niliyostaafu.